Funga Kabati Kabla Ardhi Haijatikisika

Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilipiga Jumamosi alasiri, saa 9 na dakika 27. Zaidi ya watu 15 walifariki, na nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vyake zikaanguka au kupata nyufa. Lingepiga saa 9 usiku, lingewakuta watu vitandani, na pembeni yao makabati marefu yasiyoshikizwa na chochote. Hatari hiyo ni ya bonde lote la ufa la magharibi, Goma na Bukavu hadi Kigoma na Kalemie. Kuimarisha nyumba nzima kunataka fedha nyingi. Kufunga samani ni kazi ya asubuhi moja.

Anza na chumba cha kulala. Simama mlangoni, tazama kila kitu kirefu, ujiulize kikianguka kitaangukia wapi. Kabati la nguo lisifikie kitanda wala lisizibe mlango. Kama chumba ni kidogo, na vyumba vyetu vingi ni vidogo, geuza kitanda. Kioo na picha za fremu nzito ziondoke juu ya kichwa cha mlalaji. Sanduku lililokaa juu ya kabati lishushwe leo hii, lisukumwe uvunguni.

Kisha shughulikia kabati lenyewe. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue vyuma viwili vya pembe, skrubu na fisha zake. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: wanapiga skrubu kwenye ubao mwembamba wa mgongoni mwa kabati, nao ukivutwa kidogo unachanika. Gonga kwa vidole usikilize. Panapolia pazito ndipo penye fremu, na chuma kifungwe hapo, juu kabisa, kimoja kila upande. Ukutani, toboa katikati ya tofali, si kwenye kiungo kati ya tofali na tofali. Plasta haishiki kitu, kwa hiyo skrubu iwe ndefu kiasi cha kuipita na kuzama vizuri ndani ya tofali. Ukimaliza, shika kabati kwa juu ulivute kwa nguvu zako zote. Likicheza, rudia.

Ukuta wa matofali mabichi hauaminiki kwa kazi hii. Katika nyumba ya miti na udongo, fungia kwenye nguzo yenyewe. Pasipo na nguzo, laza kabati chini litumike kama sanduku, au vitu vya thamani viwekwe kwenye samani fupi. Mpangaji azungumze kwanza na mwenye nyumba. Matundu manne huzibwa kwa plasta kidogo siku ya kuhama, na sidhani kama kuna mwenye nyumba muungwana atakayekataa akielezwa sababu.

Jikoni, vyombo vizito vikae rafu za chini na milango ya kabati iwekewe vikomeo. Mtungi wa gesi ndio wa kuogopwa zaidi. Usimame sakafuni, ufungwe ukutani kwa mnyororo au mkanda, na mpira wake usiwe umekazwa, maana mtungi ukiyumba mpira uliokazwa unachomoka na gesi inajaa chumbani. Funga vali kila unapomaliza kupika. Baada ya tetemeko, ukisikia harufu ya gesi usiwashe kiberiti wala taa. Fungua madirisha, utoke nje.

Televisheni ifungwe kwa mkanda kwenye meza yake. Tangi la maji lililo juu ya mnara lisisimame jirani na chumba cha kulala: lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, na hakuna mnara wa mbao unaostahili kukabidhiwa uzito huo ardhi inapotikisika.

Weka viatu na tochi karibu na kitanda, kwa kuwa vipande vya vioo hukata miguu ya wengi wanaokimbia gizani. Kila baada ya mtikisiko, hata ule mdogo, kagua skrubu na uzikaze upya.

Na kama mwezi huu uwezo wako unatosha kufunga kabati moja tu, tafadhali lifunge lile la chumba wanamolala watoto.