DATURA: SI ULEVI, SI ULOZI, NI SUMU



Mwenzenu anafika kazini akiyumba. Anasema maneno yasiyo na maana, anashika hewani kitu ambacho hakuna anayekiona. Kapita anasema: «Amelewa, arudi kwake.» Jirani anasema: «Amelogwa.» Lakini hanuki pombe. Labda amekula datura bila kujua.

Datura ni nini?

Ni jani linaloota, kuchanua na kufa katika mwaka mmoja. Pwani huliita mnanaha. Lina undugu na nyanya, biringanya, pilipili na tumbaku. Hupenda penye takataka, kando ya njia na ndani ya mashamba ya mahindi na soya. Ua lake ni jeupe au la zambarau, mfano wa tarumbeta. Tunda lina miiba. Likikauka hupasuka sehemu 4 na kumwaga mbegu ndogo, bapa, nyeusi. Majani yakisuguliwa hunuka vibaya.

Mmea mzima una sumu, na mbegu ndizo za hatari sana. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Katika mwaka 2019, huko Karamoja, nchi ya Uganda, karibu watu 300 waliugua na 5 wakafa kwa kula uji wa unga wa msaada. Mbegu za datura zilikuwa zimesagwa pamoja na nafaka. Hakuna aliyeziona ndani ya unga.

Dalili

— Kinywa kikavu, kiu kali;
— ngozi ya moto isiyo na jasho;
— mboni za macho kupanuka, kuona ukungu;
— moyo kwenda mbio, mkojo kuziba;
— kuchanganyikiwa, kupigana, kisha pengine kuzimia.

Dalili huanza mara nyingi ndani ya saa moja. Mtoto hudhurika upesi kuliko mkubwa.

Tufanye nini?

1. Mtoe mgonjwa karibu na mashini, gari na shimo. Asirudi nyumbani peke yake.
2. Mpeleke hospitali mara moja. Msimfunge kamba, msimpige.
3. Msimtapishe. Msimnyweshe mafuta ya mawese wala maziwa: aliyechanganyikiwa hupaliwa.
4. Chukueni mabaki ya chakula, au jani lenyewe, mganga alione.
5. Wote waliokula sahani moja naye wachunguzwe, hata kama hawajasikia kitu.

Na nyumbani?

Mama, tandaza mahindi na soya juu ya lungo, toa kila mbegu nyeusi usiyoijua, ndipo upeleke kwenye mashini ya kusaga. Baba, ng'oa datura karibu na nyumba kabla haijazaa, ukivaa glavu. Nawa mikono kabla ya kugusa macho. Waonyesheni watoto tunda lile la miiba: si la kuchezea.

Baada ya kusaga, hakuna jicho linaloweza kutenga sumu na unga. Tuchambue kwanza!