Somo la 8: Kwa Mwendo wa Watoto

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mithali 31:10-31, Mwanzo 33:12-14, Luka 1:39-56, Mambo ya Walawi 12:1-8, Kutoka 16:16-30, Kutoka 20:8-11, Mathayo 24:19, 20.

Fungu la kukariri: Isaya 40:11. Lisome katika Biblia yako mpaka ulikariri. Linamwonyesha Bwana kama mchungaji anayewabeba wadogo kifuani pake, na kuwaongoza taratibu wale wenye wachanga.

Kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Micheweni, kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Tumbe, kinachojulikana kisiwani kote kwa soko lake la samaki. Huko kazi haifuati saa ya ukutani. Inafuata maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama hamsini kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakatoka mbali, na wanawake hushuka pwani kushughulikia mwani. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake.

Chukua mfano wa mama wa pwani hiyo mwenye mimba ya miezi saba na watoto wawili wadogo. Maji yanapwa, watoto hawajanywa uji, ndoo ni tupu, nguo zimelowekwa tangu jana, na mgongo unauma. Bahari haimsubiri, na watoto hawamsubiri. Ikiwa mama huyo anaitunza Sabato, yako pia maandalizi ya Ijumaa. Je, Sabato itakuwa pumziko kwake, au mzigo mmoja zaidi?

Juma hili tutaangalia jinsi Mungu anavyomtazama mama aliyelemewa, na anachodai kwa wale wanaoishi naye nyumba moja.

JUMAPILI
Mke Mwema na Wasaidizi Wake

Soma Mithali 31:10-31. Orodhesha kazi za mwanamke huyu. Ni nani wengine wanaotajwa nyumbani mwake?

Sura hii husomwa mara nyingi kwenye harusi na siku ya akina mama. Wako wanaoisikiliza kwa furaha. Wako pia wanaoondoka wameinama, kwa kuwa wamejipima wakajiona wamepungukiwa. Mwanamke huyu anaamka usiku, anasokota, anafuma, ananunua shamba, anauza nguo, anawasaidia maskini. Ni mama gani mjamzito awezaye hayo yote kwa juma moja?

Mambo mawili yanasaidia kuisoma vizuri. La kwanza, aya hizi 22 katika Kiebrania zimepangwa kwa kufuata herufi 22 za alfabeti. Ni sifa za maisha mazima zilizokusanywa tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, wala si ratiba ya siku moja. La pili, aya ya 15 inataja wajakazi wake. Hakuwa peke yake jikoni. Kazi iligawanywa, na kila mmoja alipewa sehemu yake.

Angalia pia mwisho wa sura. Watoto wanainuka na kumsifu, mumewe naye anamsifu, na aya ya 31 inaagiza apewe matunda ya mikono yake. Kazi ya nyumbani haina mshahara wala risiti. Sakafu iliyofagiwa asubuhi ni chafu adhuhuri, na sufuria iliyosuguliwa jana leo ina masizi tena. Ni rahisi kudhani kwamba mama aliyeshinda nyumbani hakufanya kitu. Neno la Mungu linaagiza kazi hiyo ionekane na kutajwa hadharani.

Ni lini mara ya mwisho ulipomshukuru mtu aliyekupikia au kukufulia? Ni nini kilikuzuia kufanya hivyo leo?

JUMATATU
Yakobo Apunguza Mwendo

Soma Mwanzo 33:12-14. Esau alipendekeza nini? Yakobo alitoa sababu gani ya kukataa?

Ndugu wawili wamepatana baada ya miaka mingi. Esau ana watu 400, na anataka wasafiri pamoja. Yakobo anamwomba atangulie. Sababu anayoitoa ni kwamba watoto ni wadogo, na kundi lina wanyama wanaonyonyesha. Wakikazwa mwendo hata siku moja tu, watakufa. Basi atakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto na wa wanyama walio mbele yake.

Wasomaji wengi wameuliza kama Yakobo alikuwa bado anamwogopa kaka yake. Huenda. Lakini sababu aliyoitaja ilikuwa ya kweli, na kila mchungaji wa wakati ule aliielewa. Kiongozi mwema hapimi safari kwa miguu ya mwenye nguvu. Huipima kwa miguu ya aliye dhaifu kuliko wote. Isaya anatumia picha hiyo hiyo kumweleza Mungu mwenyewe.

Katika nyumba nyingi mambo huenda kinyume. Mwendo huwekwa na mwenye nguvu, na mama hukimbia nyuma akiwa na mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na mwingine tumboni. Hakuna anayemchukia. Hakuna tu aliyegeuka kumtazama.

Baadaye, katika Mwanzo 35:16-20, familia hiyo hiyo ikiwa njiani, Raheli alishikwa na utungu mzito akafa alipomzaa Benyamini. Biblia haisemi kwamba kuna mtu aliyekosea. Inatuonyesha tu kwamba kuzaa lilikuwa jambo la kufa na kupona hata katika nyumba ya mtu mwenye mali. Bado ni hivyo mahali pengi.

Katika nyumba yako, ni nani anayeweka mwendo? Ni kazi gani moja inayoweza kuahirishwa juma hili bila hasara?

JUMANNE
Miezi Mitatu kwa Elisabeti

Soma Luka 1:39-56. Mariamu alikaa kwa Elisabeti muda gani? Elisabeti alikuwa na mimba ya miezi mingapi alipofika? (Linganisha na aya ya 36.)

Malaika alimwambia Mariamu kwamba jamaa yake alikuwa katika mwezi wa sita. Mariamu akaenda kwa haraka katika nchi ya milima, akakaa huko kama miezi mitatu. Ukijumlisha, ni mpaka karibu na siku za Elisabeti kujifungua. Mmoja alikuwa mwanamke wa makamo mengi aliyebeba mimba ya kwanza. Mwingine alikuwa msichana aliyehitaji mtu wa kumwamini. Luka haandiki ni nani aliyeteka maji au kusaga unga. Lakini katika nyumba ya kuhani mzee aliyekuwa bubu, mikono ya kijana haikukosa kazi.

Wimbo wa Mariamu, unaoimbwa na Wakristo mpaka leo, ulitoka katika ziara hiyo. Watu wawili wajawazito walipobebeana mizigo, sifa kwa Mungu zilipatikana katikati yao. Wagalatia 6:2 inaiita kazi hiyo kutimiza sheria ya Kristo.

Makanisa yetu yana akina Dorkasi, mashemasi wa kike na idara ya Huduma za Familia. Mara nyingi hufika mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa, na zawadi ya sabuni na kanga. Hilo ni jema. Mfano wa Mariamu unatualika tufike mapema zaidi, wakati ambapo mama bado anainama kufua huku akishika kiuno.

Ni mama gani mjamzito katika kundi lako? Je, kuna anayejua ni siku gani ya juma inayomlemea zaidi?

JUMATANO
Arobaini

Soma Mambo ya Walawi 12:1-8 na Luka 2:22-24. Siku za mama aliyezaa mtoto wa kiume zilikuwa ngapi kwa jumla?

Siku saba na siku thelathini na tatu hufanya arobaini, na kwa mtoto wa kike ziliongezwa maradufu. Torati inazieleza siku hizo kwa lugha ya utakaso na ibada, na hilo lilikuwa kusudi lake. Hata hivyo zilimwacha mama kando ya shughuli za hadhara kwa majuma mengi, na sadaka ilipangwa ili hata maskini aiweze. Mariamu na Yusufu walileta ndege wawili.

Watu wa pwani wanaijua arobaini. Mama aliyejifungua hukaa ndani, akapikiwa uji, akakandwa kwa maji ya moto, na jamaa wa kike wakashika kazi za nyumba. Hapa jirani asiye wa imani yetu anaweza kutufundisha wema. Inasikitisha mama Mkristo akirudi kwenye ndoo na kuni siku ya tano kwa sababu yuko mbali na kwao, na kanisa halikujua.

Kuutunza mwili, ambao 1 Wakorintho 6:19 inauita hekalu la Roho Mtakatifu, huanza kabla ya kujifungua. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe na mhudumu wa afya angalau mara nane, mara ya kwanza ndani ya majuma 12 ya mwanzo. Vidonge vya madini ya chuma na foliki humkinga na upungufu wa damu. Kutokwa na damu, kuumwa kichwa kikali, kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa, degedege, au mtoto kupunguza kucheza tumboni ni dalili za hatari. Mama asingoje kesho, wala asingoje Sabato iishe. Kumpeleka hospitali ni kazi ya rehema (Mathayo 12:11, 12).

Kanisa lako linaweza kupanga nini kwa ajili ya siku arobaini za mama asiye na ndugu karibu?

ALHAMISI
Maandalio ni ya Nani?

Soma Kutoka 16:16-30 na Kutoka 20:8-11. Mana ilikusanywa kwa ajili ya nani? Ni nani wanaotajwa katika amri ya nne?

Siku ya sita Israeli waliokota mana maradufu, wakaoka na kutokosa, na kilichobaki hakikuoza. Aya ya 16 inaeleza kwamba kila mtu aliokota kwa ajili ya wale waliomo hemani mwake. Maandalio yalikuwa kazi ya watu wote.

Sasa itazame amri. Inawataja wewe, mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mnyama na mgeni. Mke hatajwi peke yake. Je, amesahauliwa ili apike wengine wakipumzika? Hapana. Yumo ndani ya neno “wewe”. Pumziko la mume na pumziko la mke ni agizo moja. Kumbukumbu la Torati 5:14 inaongeza kwamba mtumishi apumzike vilevile kama bwana wake. Ikiwa mtumishi anastahili, je, si zaidi mama wa nyumba?

Kwa hiyo Ijumaa ambayo mama anaanguka kitandani jua likizama, akiwa hana nguvu hata ya kuomba, haijatimiza kusudi la Siku ya Maandalio. Kazi ianze Jumapili: nguo za Sabato zifuliwe mapema, kuni na maji viletwe Alhamisi na wenye nguvu, chakula kiwe rahisi. Baba awaogeshe watoto. Mtoto wa miaka mitano aweza kupanga viatu.

Na bamvua likiangukia Sabato? Bahari itapwa tena Jumapili, na bamvua hukaa siku kadhaa. Kuna mapato yatakayopungua, na kwa nyumba yenye kipato kidogo hilo ni jaribu halisi. Ndiyo maana haifai mama huyo abebe uamuzi huo peke yake. Nyumba nzima iamue, na kanisa lisimame nayo.

Ukiangalia Ijumaa iliyopita, nani alifanya nini nyumbani kwako? Nini kibadilike kesho?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Ellen G. White, “Mama,” katika kitabu Huduma ya Uponyaji, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1905. Mwandishi anasisitiza kwamba nguvu za mama anayetarajia mtoto zitunzwe, na mizigo yake ipunguzwe badala ya kuongezwa. Aliandika akiyajua hayo. Kati ya 1847 na 1860 alizaa wana wanne, na wawili kati yao akawazika, Herbert akiwa mchanga na Henry akiwa na miaka 16.

Tafakari pia Mathayo 24:19, 20. Akitabiri kuangamizwa kwa Yerusalemu, Yesu aliwataja kwa huruma wenye mimba na wanyonyeshao, na mara akawaambia wanafunzi waombe kukimbia kwao kusiwe wakati wa baridi wala siku ya Sabato. Mama mjamzito na Sabato vilikuwa pamoja moyoni mwake. Visitenganishwe nyumbani mwetu.

Maswali ya Kujadili:

1. Hadithi ya Martha na Mariamu (Luka 10:38-42) wakati mwingine hutumiwa kumkemea mama aliyechoka. Inaweza kusomwaje ili imfungue badala ya kumlaumu? Waliokaa wakingoja chakula walikuwa na wajibu gani?

2. Baadhi ya wanaume husema kuteka maji au kufua ni aibu kwao. Mfano wa Yesu katika Yohana 13:1-15 unajibuje hoja hiyo?

3. Katika darasa, tajeni akina mama wajawazito na wenye watoto wadogo. Pangeni kwa majina nani atafanya nini, na siku gani, kabla ya Sabato ijayo. Kisha ombeni kwa ajili yao.