Mwasumini: Namna ya Kuutambua, Kuupanda na Kuutunza

Mwasumini ni kichaka chenye majani mabichi mwaka mzima na maua meupe yanayonukia. Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Unguja, maua hayo ndiyo hutungwa vikuba na makoja ya harusi. Huhitaji shamba wala pesa nyingi kuwa nao. Kitawi kutoka kwa jirani na ndoo kuukuu vinatosha kuanzia.

Nitautambuaje? Anza na majani. Ni ya umbo la yai, yanang'aa, na hukaa mawili mawili yakitazamana, mara nyingine matatu pamoja. Maua hutoka kwa vishada kwenye ncha za vitawi. Hufunguka jioni, na yakichakaa huingia rangi ya waridi hafifu. Ipo aina ya petali za safu moja, na ipo iliyojaa petali nyingi, ambayo hukua polepole zaidi. Kitaluni, uliza kwa jina la kitaalamu: Jasminum sambac.

Nifanyeje nisiuziwe mti mwingine? Kipo kichaka kinachochanganywa sana nao, chenye maua meupe ambayo petali zake zimepinda kama pangaboi. Omba ruhusa ukwanyue jani moja, kisha tazama kikonyo. Kikitoka utomvu mweupe, huo si mwasumini. Jihadhari pia na mwoleanda, wenye majani marefu membamba, kwa kuwa ni sumu, hasa nyumbani penye watoto.

Nitapataje mche? Kata kitawi kilichoanza kukomaa, kisicho laini sana wala kigumu sana, chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 na macho matatu au manne, yaani pale majani yanapochipukia. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili ya juu. Kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji (mbolea ya majani yaliyooza), macho mawili yakiwa ndani. Weka kivulini, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, na udongo usikauke. Mizizi hutoka kwa wiki nne hadi sita. Usikivute kila siku kukagua. Subiri uone majani mapya.

Niupande wapi? Chagua mahali penye jua lisilopungua saa tano kwa siku na pasipotuama maji. Chimba shimo la sentimita 45 kila upande, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, na acha nafasi ya mita moja kati ya mche na mche. Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua za masika au vuli. Huna uwanja? Tumia ndoo ya lita 20 iliyotobolewa kitako. Kwenye nyanda za juu ndoo ndiyo bora, maana usiku wa baridi kali utaiingiza ndani.

Mbona mti una majani tu, hauna maua? Mara nyingi ni upungufu wa jua, au haujapogolewa, yaani kupunguzwa matawi. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo maua yakiisha, kata ncha za matawi. Samadi ikizidi nayo huongeza majani na kupunguza maua. Mwagilia udongo unapokauka juu, na ongeza mboji kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Wadudu je? Ukiona vidukari au vidung'ata, wale weupe wenye unga, wapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo. Fanya hivyo asubuhi, kabla ya jua kali, urudie baada ya wiki.

Nichume lini? Kwa kikuba au koja, chuma alasiri, matumba yakiwa yamevimba na kuwa meupe lakini hayajafunguka. Yatachanua mkononi mwako usiku huohuo. Basi mvua zijazo zisikupite: mwombe jirani kitawi, na wako ukikua, nawe usimnyime atakayekuja kuomba.