Uwanja wa gofu unahitaji ardhi kiasi gani?

Somo la kujifunza katika kikundi

Mwekezaji anapokuja kuomba eneo la kujenga uwanja wa gofu, watu huuliza haraka: atalipa kiasi gani? Yako maswali mawili ya kutangulia hilo. Anahitaji ardhi kiasi gani? Na ardhi hiyo leo inamlisha nani? Somo hili litasaidia vikundi, makanisa na viongozi wa vijiji kufanya hesabu wenyewe kabla ya kutia sahihi.

Hesabu ya ardhi

Uwanja kamili una mashimo 18. Kutoka mahali pa kuanzia kupiga mpira hadi kwenye shimo ni kati ya mita 100 na zaidi ya mita 500. Jumla ya njia zote 18 ni karibu kilomita 6. Mipira mingine hupotea pembeni, kwa hiyo kila njia huhitaji upana wa karibu mita 100 ili watu wasiumie. Mita 6,000 mara mita 100 ni hekta 60, yaani ekari 150 hivi.

Viwanja vingi vya mashimo 18 huchukua hekta 50 hadi 80. Ardhi yenye miteremko mikali, mawe au vinamasi huhitaji eneo kubwa zaidi. Uwanja wa mashimo 9 huhitaji karibu nusu ya hapo.

Hekta 60 ni sawa na viwanja 84 vya mpira wa miguu. Kama kila kaya inalima hekta 1.5, hayo ni mashamba ya kaya 40.

Mambo yanayofuatana na uwanja

Mara nyingi uwanja huja pamoja na hoteli, barabara na nyumba za kuuza. Huko Vipingo, Kilifi, nchini Kenya, uwanja wa gofu upo ndani ya eneo la makazi la takriban ekari 2,500. Kwa hiyo ombeni ramani ya mradi wote.

Ulizeni pia kuhusu maji. Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni lita 10,000. Wakati wa kiangazi, kama hekta 25 za nyasi zitamwagiliwa milimita 5 kwa siku, zitatumia lita 1,250,000 kila siku. Kwa lita 20 kwa kila mtu, maji hayo yangewatosha watu 62,500. Yatatoka kisima gani, au mto gani?

Uwanja unaweza kuleta ajira za kukata nyasi, ulinzi na kazi za hoteli. Idadi ya ajira hizo iandikwe kwenye mkataba.

Mfano kutoka Mexico

Mwaka 1995, katika mji wa Tepoztlán, kampuni ilitaka kujenga uwanja wa gofu, hoteli na mamia ya nyumba kwenye hekta 187. Wananchi walihofia maji yao na ardhi ya jamii. Viongozi wa mji walipoukubali mradi, wananchi waliwaondoa madarakani na kuchagua wengine. Mwezi Aprili 1996 polisi waliwashambulia waandamanaji na mzee mmoja akauawa. Baada ya hapo kampuni iliuacha mradi. Uamuzi uliofanywa bila wananchi uligharimu uhai wa mtu.

Sheria inasemaje?

Nchini Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka angalau theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa katika jamii waunge mkono kabla ardhi ya jamii haijatolewa. Mwenyekiti peke yake hatoshi.

Zoezi

1. Chukueni kamba na mpime mraba wa mita 100 kwa mita 100. Hiyo ni hekta 1. Kisha tembeeni kwenye mipaka ya eneo lote linaloombwa.
2. Wanawake, wafugaji, vijana na wazee wachore ramani ya eneo hilo, kila kundi peke yake. Waonyeshe mashamba, visima, kuni, malisho, njia na makaburi.
3. Linganisheni ramani hizo. Ni nani atapoteza kitu ambacho makundi mengine hayakukiona?

Kujifunza Biblia

Someni 1 Wafalme 21:1-19. Mfalme Ahabu alitaka shamba la Nabothi kwa ajili ya bustani ya mboga, akaahidi shamba bora zaidi au fedha. Kwa Nabothi shamba lilikuwa urithi wa baba zake, naye akakataa. Yezebeli aliandika barua, na wazee wa mji wakafanya kama zilivyowaagiza. Nabothi akauawa.

■ Kwa nini fedha hazikumshawishi Nabothi?
■ Wazee wangeweza kufanya nini walipopokea barua zile?
■ Someni Mambo ya Walawi 25:23. Ardhi ni ya nani? Hilo linabadilishaje namna tunavyoiuza au kuikodisha?
■ Katika kijiji chetu, nani hukosa nafasi ya kusema ardhi inapojadiliwa?

Malizeni kwa kuwaombea viongozi wenu wa ardhi, ili wawe na ujasiri wa kuuliza maswali haya mbele ya watu wote.