Upele wa Magamba: Usipake Krimu Kabla Ngozi Haijapimwa

Kwa wagonjwa, wanaowauguza na wauza dawa

Malalamiko yamekuwa mengi, na yanafanana. Ndugu anayeishi na VVU anaota magamba mazito viganjani, viwikoni na kichwani. Huyu anamwambia ni fangasi, yule pumu ya ngozi, mwingine anasema amerogwa. Anauziwa krimu, anapaka, magamba yanazidi. Baadaye wanaomuuguza nao hawalali kwa kujikuna, na akilazwa, muwasho unaenea wodini.

Huo ni upele wa magamba. Utitiri ni uleule wa upele wa kawaida, unaochimba ngozi na kutaga mayai humo, ila idadi yake ndiyo inayotisha. Mwenye kinga imara huwa na utitiri 10 hadi 15 hivi mwili mzima. Mwenye kinga dhaifu anaweza kuwa na maelfu, hata mamilioni: anayeishi na VVU, mwenye saratani ya damu, aliyepandikizwa figo, anayetumia steroidi kwa muda mrefu, mzee aliyedhoofika. Madaktari Danielssen na Boeck waliueleza ugonjwa huu nchini Norwei mwaka 1848, kwa wagonjwa wa ukoma. Uchawi haumo, na kumwita mgonjwa mchafu ni kumwonea.

Sasa tahadhari ambayo hatutachoka kuirudia: mgonjwa huyu huenda asiwashwe. Muwasho hutokea kinga ya mwili inapopambana na utitiri. Kinga ikilegea, muwasho unaweza kuwa mdogo au usiwepo kabisa. Usiseme “hajikuni, basi si upele.” Ukiona magamba manene ya kijivu au manjano, kucha zilizonenepa na ngozi iliyopasuka, mpeleke kituo cha afya.

Na usimpake krimu kwanza. Krimu za steroidi, zikiwemo nyingi zinazouzwa kwa jina la kung'arisha ngozi, hupunguza kinga ya ngozi yenyewe. Wekundu unafifia, utitiri unazaliana. Muuza dawa anayempa mgonjwa wa magamba krimu hiyo bila cheti cha daktari anamdhuru, na ajue hivyo.

Kipimo ni chepesi. Mhudumu hukwangua gamba, huchokoa chini ya kucha, huweka tone la dawa ya kulainisha na kutazama kwa hadubini. Katika upele wa magamba, utitiri na mayai huwa tele. Omba kipimo hiki, hata kama umeambiwa ni fangasi. Kisipopatikana, omba rufaa kwa wataalamu wa ngozi. Hospitali ya KCMC, mjini Moshi, Tanzania, hufundisha fani hiyo.

Dozi moja haitoshi. Vidonge vya ivermektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, humezwa siku ya 1, 2, 8, 9 na 15. Hali ikiwa mbaya sana, huongezwa siku ya 22 na 29. Pamoja navyo hupakwa benzili benzoeti (BBE) ya asilimia 25 au pamethrini ya asilimia 5, kuanzia utosini hadi nyayoni, nyuma ya masikio na chini ya kucha, kila siku kwa wiki nzima, kisha mara mbili kwa wiki hadi apone. Mafuta ya kulainisha magamba hupakwa kwa zamu, ili dawa ipenye. Wajawazito, watoto wa chini ya kilo 15 na walioishi misitu ya Kongo au Kameruni wamweleze daktari kabla ya kumeza. ARV zisikatishwe.

Homa, usaha au ngozi inayonuka ni dharura. Bakteria wakipita kwenye nyufa na kuingia kwenye damu, mgonjwa anaweza kufa. Mkimbize hospitali siku hiyohiyo.

Wote wa nyumba ya mgonjwa watibiwe siku moja, wanaowashwa na wasiowashwa. Aliyeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila dalili. Magamba yanayodondoka yana utitiri hai, kwa hiyo vaeni glavu, fagieni kila siku, fueni shuka na nguo kwa maji ya moto sana. Kisichofulika kifungwe kwenye nailoni kwa wiki nzima. Mgonjwa alale peke yake hadi mhudumu aseme vinginevyo, lakini alishwe, aogeshwe na azungumzishwe kama kawaida.

Magamba yakishakwisha, arudi kukwanguliwa tena. Hadubini ikionyesha utitiri, matibabu yanaendelea, hata kama ngozi imekuwa laini.