Paka mwenye kuchechemea anatafuta nyumba



Kila mutu hapa masomoni amekwisha kumuona paka jike wa rangi ya majivu anayelala nyuma ya depo ya vyakula. Muguu wake wa nyuma, upande wa kuume, ulivunjika. Majuma sita tulimuchunga ndani ya sanduku la mbao. Sasa mufupa umeshikana, lakini muguu umebaki mupinda. Mwisho wa trimestre unakaribia: internati itafungwa, wapishi watarudi kwao, depo itakuwa tupu. Kumuacha hapa ni kumuachia imbwa wa barabarani. Ndiyo sababu sisi wa kalasi ya biolojia tumetayarisha somo hili: namna gani tunaweza kumupatia nyama aliyeumia nyumba ya kukaa, si nyumba ya siku mbili?

1. Wengine walifanya nini?

Jambo hili si letu peke yetu. Katika mwaka 1860, kule London, mama moja jina lake Mary Tealby alifungua nyumba ya kupokea imbwa waliopotea, mahali panapoitwa Holloway. Wako watu waliomucheka, wakisema ni kazi ya bure. Katika 1871 nyumba ile ilihamia Battersea, na tangu 1883 wakaanza kupokea paka vilevile. Kazi ile ingali inaendelea mpaka leo.

Tunajifunza nini? Nyumba ya namna ile si gereza, wala si mahali pa kulundika nyama. Ni mahali pa kupita. Wanamuponyesha nyama, kiisha wanamutafutia mutu wake. Sanduku letu la mbao lilikuwa vilevile mahali pa kupita. Kazi iliyobaki ndiyo kubwa.

2. Kwanza: kumuponyesha vizuri

Paka mwenye maumivu anauma, hata kama ni mupole. Anayemushika amufunike kwanza na kitambaa kinene. Kama paka ao imbwa anakuuma, osha kidonda mara moja na sabuni na maji mengi, dakika 15, kiisha uende kwa hospitali siku ileile. Usingojee kesho. Ugonjwa wa imbwa wa wazimu, paka naye anaweza kuwa nao, na dalili zake zikianza ndani ya mutu, karibu kila mara ni kifo. Chanjo inasaidia mbele ya dalili.

Wenzetu wamoja walitaka kumupa kipande cha parasetamoli. Tulikataa. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hii sawa mwili wa mutu, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Dawa ya watu si dawa ya paka.

Mufupa, wenyewe unataka utulivu. Ndiyo maana tulimufungia mahali padogo, asiruke, asipande. Watoto wa kalasi ya kwanza walisema: "Munamutesa!" Hapana. Mufupa unaotikisika kila siku haushikane.

3. Pili: kusema kweli yote

Mwalimu moja alituuliza: "Bana bangu, mutamutangaza sawa nguo ya soko?" Tulijibu hapana. Muuzaji wa nguo anaficha pahali palipopasuka. Sisi tutaonyesha pahali palipopasuka mbele ya yote. Juu ya nini? Kwa sababu mutu akipokea paka bila kujua shida yake, siku ya tatu atasema: "Mulinidanganya," na atamutupa inje. Hapo paka ataumia mara ya pili, na safari hii hakuna sanduku.

Basi kweli ni hii. Anachechemea, na atachechemea siku zake zote. Hawezi kuruka juu ya ukuta, maana nguvu ya kuruka inatoka kwa miguu ya nyuma. Panya wanaokimbia juu ya dari, hatawafikia. Lakini paka hawindi na mbio peke yake. Anawinda na masikio na uvumilivu: anakaa kimya karibu na tundu, anangoja. Mama mupishi ameona yeye mwenyewe panya wawili waliokamatwa chini ya mifuko ya mahindi.

Tena, ni jike. Mimba ya paka ni siku karibu 63, na anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Anayemutaka ajue kwamba kesho anaweza kuwa na watoto mikononi. Na paka anayechungwa vizuri anaweza kuishi miaka 15. Si zawadi ya kuchezea kwa vakansi.

4. Kuhusu maneno ya ulozi

Wako wanaosema: "Hii paka ni ya balozi, muangalie macho yake usiku." Tujibu na masomo yetu ya biolojia. Nyuma ya jicho la paka kuna ngozi nyembamba inayorudisha mwangaza sawa kioo. Inamusaidia kuona pahali penye mwangaza kidogo. Ngombe na mbuzi wako nayo vilevile. Uwamulike na tochi leo usiku, utaona macho yao yanawaka. Nani anamwita mbuzi wake mulozi?

5. Tatu: kuchagua nyumba

Wa kwanza kuomba si yeye wa kupewa. Mwenzetu moja alisema: "Mumulete kwetu, mutamukuta ndani ya sahani." Tulicheka wote, lakini tulielewa kwamba lazima kuuliza maswali. Tuliandika manne:

a) Unamutakia nini? Anayejibu "juu ya panya" anasema kweli, na kweli hiyo inatutosha. Lakini siku panya wamekwisha, utamupa nini? Ugali kidogo na sambaza vitamusaidia. Ugali mutupu hautoshi, kwa sababu paka ni mula-nyama.

b) Uko na imbwa? Paka muzima anapanda muti. Huyu hawezi.

c) Munatumia sumu ya panya? Paka akikula panya aliyekufa na sumu, anaweza kufa naye. Muchague kimoja: sumu ao paka.

d) Watu wote wa nyumba wamekubali? Kama mutoto anamutaka na baba hamutaki, paka hana nyumba.

Mpaka sasa watu wane wameomba. Wawili wako na imbwa wakali. Wamebaki wawili: baba sentineli wetu, na mama moja anayeuza mahindi sokoni. Kwa sentineli hakuna panya wengi, lakini paka amekwisha kumuzoea. Kwa mama kuna gunia za mahindi na panya mingi, lakini hajamuona paka akitembea. Tumemwomba afike siku ya posho amuone na macho yake, mbele ya kusema ndiyo ao hapana. Tukiona mashaka kwake, paka ataenda kwa sentineli.

6. Nne: safari na siku za kwanza

Asibebwe mikononi. Awekwe ndani ya kikapo chenye kifuniko, pamoja na kitambaa alicholalia, maana harufu yake mwenyewe inamutuliza. Akifika, afungiwe ndani ya chumba kimoja, kiisha ndani ya nyumba, karibu majuma mawili ao matatu. Paka akifunguliwa upesi, anajaribu kurudia pahali pa zamani, na kwa muguu ule hatafika. Akijificha siku mbili chini ya kitanda, musimuvute. Weka maji na chakula karibu, mumuache. Atatoka mwenyewe.

Maswali ya kujaribu kujibu

1. Juu ya nini hatupaswi kuficha shida ya nyama tunayemutafutia nyumba?
2. Juu ya nini macho ya paka yanawaka usiku?
3. Ungekuwa wewe wa kuchagua, ungemupa nani: sentineli ao mama wa mahindi? Andika sababu mbili, uzilete kwa kalasi ya biolojia mbele ya siku ya posho. Tutazisoma zote kabla ya kukata shauri.