Nani Amefunga? Sarufi ya Katazo la Mitandao ya Kigeni

Makala hii inahusu sentensi ambazo serikali hutumia zinapofunga mtandao wa kijamii unaomilikiwa na kampuni ya nje. Wanasheria wana maswali yao kuhusu jambo hili, na wanasiasa wana yao. Sisi wa lugha tuna kazi yetu: kuuliza sentensi imeundwaje, nani ametajwa ndani yake na nani ameondolewa. Dai langu ni kwamba unafiki wa katazo unaweza kuonyeshwa kwa sarufi na kwa matumizi ya maneno, bila kuhitaji kujua kilichomo moyoni mwa waziri. Mifano inatoka Uganda, Tanzania, Nigeria, Marekani na kwetu Kongo. Mwishoni tutaipima Fizi na Baraka, ambako tofauti ya kitenzi kimoja inaweza kumfanya mtu abaki nyumbani au apande mtumbwi.

1. Imekatika au wameikata?

Simu isipopata mtandao, watu wa Baraka husema "rezo imekatika". Wakishuku kuna mkono wa mtu, husema "wamekata rezo". Kati ya kauli hizo mbili kuna somo zima la mnyambuliko wa vitenzi.

Tuchukue mzizi wa kufunga. "Waziri amefunga mtandao" ni kauli ya kutenda: mtenda yuko mbele, anaonekana. "Mtandao umefungwa" ni kauli ya kutendwa: mtenda hatajwi, lakini nafasi yake imebaki wazi, na msikilizaji ana haki ya kuuliza "na nani?" Jibu linaingia bila kuvunja sarufi: umefungwa na waziri. "Mtandao haufunguki" ni kauli ya kutendeka, na hapa nafasi yenyewe imeondolewa. Hatuwezi kusema "haufunguki na waziri". Kauli ya kutendeka huzungumzia hali ya kitu, kama kikombe kilichovunjika au barabara isiyopitika. Haiulizi nani.

Iko pia kauli ya kutendewa, "fungiwa". Magazeti ya Kiswahili huandika kwamba gazeti fulani limefungiwa. Lakini mtandao wa kigeni ukizuiwa katika nchi moja, kampuni yake huendelea na shughuli zake kwingine kote duniani. Waliofungiwa hasa ni watumiaji wa nchi hiyo. Kwa hiyo sentensi kamili ya katazo ingekuwa hivi: fulani amewafungia wananchi mtandao fulani kwa sababu fulani. Ina mtenda, watendewa, kitu na sababu. Tukiishika sentensi hiyo kama kipimo, tutaona kila serikali imekata kipande gani.

2. Uganda: sentensi ya kulipiza

Tarehe 11 Januari 2021, siku tatu kabla ya uchaguzi mkuu wa Uganda, Facebook ilitangaza kwamba imeondoa kurasa na akaunti zilizohusishwa na kituo cha mawasiliano na wananchi kilicho chini ya Wizara ya TEHAMA. Kampuni ilisema akaunti hizo zilijifanya kuwa watu wengine ili kuipa nguvu serikali. Siku iliyofuata Rais Yoweri Museveni alihutubia taifa na kueleza kwamba Facebook imefungwa: kampuni isiyowatendea wote sawa haina nafasi Uganda.

Kisarufi, hotuba hiyo haikuficha mtenda. Rais alisimama mbele ya sentensi yake. Tatizo liko kwenye sababu. Aliyelalamikia kutotendewa sawa alikuwa anafunga mtandao uliotumiwa na wapinzani wake pia, huku malalamiko yakitokana na kuondolewa kwa akaunti za upande wake.

Turudi nyuma miaka mitatu. Machi 2018 Museveni aliandika barua akitaka mitandao ya kijamii itozwe kodi, akiita mazungumzo ya humo "olugambo", yaani umbea. Kuanzia Julai 2018 Mganda alilipa shilingi 200 kwa siku ili kutumia Facebook, WhatsApp na Twitter. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya asilimia 12 kwenye data. Kwa hiyo Facebook ilipofungwa Januari 2021, kodi ya kuitumia ilikuwa bado inatozwa kisheria. Umbea ule ule ulikuwa mapato ya serikali mwaka mmoja na hatari kwa taifa mwaka mwingine.

3. Tanzania: sentensi ya maadili

Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania kwenye X ilidukuliwa na kuwekwa habari za uongo. Muda mfupi baadaye X ikaacha kupatikana nchini. Waziri wa Habari wa wakati huo, Jerry Silaa, alieleza kwamba mtandao huo unaruhusu picha za ngono, jambo lililo kinyume cha sheria, mila na desturi za Watanzania.

Hoja ya maadili haipaswi kudharauliwa. Wazazi wengi wa pande zetu wangeiunga mkono. Lakini mwanafunzi wa lugha ataangalia wakati wa kitenzi. X ilitangaza wazi sera yake ya kuruhusu maudhui ya watu wazima mwaka 2024. Mwaka mzima baadaye, siku ile ya udukuzi, polisi wenyewe walikuwa na akaunti rasmi humo. Kama sababu ni maadili, kwa nini maadili yaliamka siku akaunti ya dola ilipoaibishwa? Sababu inaweza kuwa ya kweli na bado isiwe ndiyo iliyofanya kazi siku hiyo.

4. Nigeria na Marekani: katazo linalojipinga

J. L. Austin alitufundisha kwamba kusema ni kutenda: kuapa, kuahidi na kukataza ni matendo yanayofanyika kwa maneno, na kila tendo lina masharti yake. Tarehe 4 Juni 2021 Wizara ya Habari ya Nigeria ilitangaza kusimamisha Twitter. Mahali ilipoweka tangazo hilo ni kwenye Twitter. Tendo la kukataza na njia ya kulifanya vilipingana ndani ya ujumbe mmoja. Zuio lilidumu hadi Januari 2022.

Marekani nayo haikosi kwenye orodha. Februari 2024 timu ya kampeni ya Rais Joe Biden ilifungua akaunti TikTok. Tarehe 24 Aprili mwaka huo huo Biden alitia saini sheria ya kuilazimisha TikTok iuzwe na mmiliki wake wa Kichina au izuiwe. Donald Trump, aliyetoa amri ya kuipiga marufuku Agosti 2020, alijiunga nayo Juni 2024 wakati wa kampeni. Wote wawili walisema "usalama wa taifa", na wote wawili walitafuta kura mahali walipopaita hatari.

5. Mgeni yupi?

Katika mifano hii yote kuna neno moja linalofanya kazi kubwa: kigeni. Kiswahili kina utajiri hapa. "Mgeni" ni mtu anayekaribishwa, na pia ni mtu asiyejulikana anakotoka. Methali zetu zinazijua sura zote mbili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" inamfungulia mlango. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" inamkumbusha kwamba kukaa kuna gharama.

Serikali hutumia maana zote mbili kwa mtandao mmoja, kulingana na siku. Unapobeba hotuba ya rais, picha za uzinduzi na kodi za kila siku, ni mgeni anayemponya mwenyeji, na ugeni wake hautajwi. Unapobeba malalamiko, unageuka mgeni asiyejulikana, na sifa ya "kigeni" inaonekana ghafla katika kila tangazo. Umiliki haukubadilika, wala makao makuu hayakuhama. Kilichobadilika ni habari iliyokuwa inapita.

Huu ndio unafiki unaoweza kupimwa. Mnafiki, kwa maana ya kawaida, ni mtu ambaye ulimi na moyo wake havipatani. Moyo hatuuoni. Tunachoweza kufanya ni kuulinganisha ulimi wa leo na ulimi wa jana, na vyote viwili na matendo.

6. Kongo: katazo lisilo na sentensi

Kongo tuna historia yetu. Intaneti ilikatwa Januari 2015 wakati wa maandamano ya kupinga sheria ya uchaguzi. Tarehe 30 Desemba 2017, siku moja kabla ya maandamano ya waumini Wakatoliki, Waziri wa Mawasiliano Emery Okundji aliziamuru kampuni za simu zisimamishe intaneti na ujumbe mfupi, kwa sababu ya usalama wa nchi. Baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018 intaneti ilikatwa kwa karibu wiki tatu, na mshauri wa Rais Kabila, Barnabé Kikaya bin Karubi, alieleza kwamba matokeo ya uongo yalikuwa yanasambaa mitandaoni.

Amri ya 2017 iliwaumiza wananchi, lakini ilikuwa na kitu ambacho mwanasarufi hutafuta kwanza: kiima. Palikuwa na waziri, na sababu iliyotajwa, iwe nzuri au mbaya. Mtu angeweza kuipeleka mahakamani, kuisoma redioni, kuibishia.

Mwaka 2025 hali ilikuwa tofauti. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari. Siku chache baadaye NetBlocks na wapimaji wengine wa intaneti waliripoti kwamba X na TikTok zimezuiwa nchini. Zuio lilionekana kwanza kwenye vipimo na kwenye simu za watu. Tulichopata ni kauli ya kutendeka tupu: hazifunguki. Wakati huo huo ofisi ya Rais na wizara zilibaki na kurasa zao kwenye X, na huko ndiko mabalozi na waandishi wa habari wa dunia walikozisoma.

Yapo ya kusema kwa upande wa serikali, tena kwa uzito. Nchi iko vitani. Video za zamani husambazwa kama za leo. Katika Fizi neno hilo hilo "mgeni" limetumiwa dhidi ya majirani, hasa katika habari za milima ya Minembwe, na mitandao imelibeba mbali kuliko mdomo wowote. Anayetaka kuzuia hilo ana haki ya kusikilizwa. Lakini ujumbe wa chuki hupita pia kwa WhatsApp na kwa redio za mdomo, na kosa la mtu mmoja huadhibiwa kwa kumtafuta mtu huyo. Kifungu cha 23 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinalinda uhuru wa kujieleza, na cha 24 haki ya kupata habari. Kinachoruhusiwa kuwekewa mipaka lazima kwanza kitajwe.

7. Kwa nini kitenzi kina uzito Fizi na Baraka

Mtu wa Baraka ana ndugu Uvira, ana ndugu kijijini upande wa Ubwari, na mara nyingi ana ndugu Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996. Simu ndiyo baraza la ukoo. Ikinyamaza, kuna maelezo matatu: mnara umeharibika, inite zimekwisha, au kuna aliyekata. La kwanza na la pili ni la kusubiri. La tatu, katika eneo lenye vita, linaweza kumaanisha kwamba kuna jambo linafichwa barabarani. Familia huamua kukaa au kuondoka kwa kukisia ni lipi kati ya hayo.

Ukoo huo unaweza kunyamazishwa na serikali mbili. Tanzania ilipokata intaneti siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na kuiacha hivyo kwa siku kadhaa, ukimya ulivuka ziwa bila kibali.

Hapa ndipo wahitimu wa kitivo wanapoingia. Matangazo ya dola hutoka kwa Kifaransa. Anayeyapeleka kwa mama wa sokoni Baraka ni mtangazaji wa redio ya jamii, na wengi wao wamepita au watapita katika madarasa kama haya. Neno la Kifaransa "suspension" halisemi nani. Mtangazaji akilitafsiri kwa "mtandao haupatikani", amemsaidia mtenda kutoroka. Akisema "mtandao umesimamishwa", ameacha mlango wa swali wazi. Akijua kwa hakika na kusema "wizara imeziamuru kampuni zisimamishe mtandao", amempa msikilizaji sentensi kamili. Na asipojua, aseme "hatujaambiwa ni nani", badala ya kuchagua kitenzi kinachoonyesha kwamba hakuna mtu.

Zoezi

Chukua tangazo lolote la kufunga mtandao, la nchi yoyote. Jibu maswali haya kwa maandishi:

a) Mtenda yuko wapi? Kama hayupo, kauli iliyotumika inaruhusu kumrudisha?

b) Watendewa ni nani katika sentensi, na ni nani katika maisha?

c) Sababu iliyotajwa ilikuwepo tangu lini? Serikali ilikuwa inafanya nini ndani ya mtandao huo wakati sababu hiyo tayari ipo?

d) Neno "kigeni" limetumika? Tafuta matangazo matatu ya awali ya serikali hiyo kuhusu mtandao huo huo na uone kama neno hilo lilikuwemo.

e) Andika tangazo upya kwa kauli ya kutenda, kwa Kiswahili ambacho kingesomwa redioni Baraka, kisha andika toleo la pili kwa Kibembe au kwa lugha ya nyumbani kwako. Eleza ni lugha ipi iliyokuwia vigumu kumficha mtenda.